Mbwa Huyu ni wa Nani?

Jioni moja tulikusanyika katika ukumbi wa parokia yetu hapa Bukavu, watu kiasi cha sitini, wazee na watoto, kutazama filamu ya zamani ya Marekani. Umeme ulikatika mara mbili. Mara ya pili tuliazima jenereta ya wanakwaya, ikanguruma nje kama lori lipandalo Kadutu na mzigo wa saruji. Katekista mmoja ajuaye Kiingereza akasimama kando ya kitambaa cheupe, akatufasiria kwa sauti kubwa ili ashindane na ile jenereta.

Wazee walifurahi, maana ndivyo walivyozoea tangu ujana wao. Siku za Wabeleji sinema ya misioni ilikuwa na mfasiri wake, na mara nyingine mfasiri alipendwa kuliko filamu yenyewe. Hapa Kivu Padri De Vloo wa Mapadri Weupe alipiga filamu kwa ajili ya watu wetu. Kule Kasayi Padri Van den Heuvel wa Scheut alichora habari za Mboloko, yule paa mdogo mwerevu, na Padri Van Haelst aliwachekesha watu kwa Matamata na Pilipili. Filamu za Wazungu zilikuwa jambo lingine. Kwa amri ya mwaka 1945 Mkongo hakuruhusiwa kutazama filamu isiyopitishwa na kamati ya serikali kwa ajili ya Waafrika. Basi usishangae ukiona babu na mjukuu wakikaa ubao mmoja, wote wawili wakiitazama filamu ya mwaka 1956 kwa mara ya kwanza.

Filamu hiyo jina lake ni Good-bye, My Lady, yaani Kwaheri, Bibi Mwungwana. Ni habari ya mtoto na mbwa. Na mbwa mwenyewe, ndugu zetu, asili yake ni Kongo.

Lakini vijana walifika na mbwa mwingine kichwani mwao. Wengi walikuwa wamekwisha kuitazama katika simu zao filamu ya mwaka 2020 iitwayo The Call of the Wild, wakatuuliza mlangoni kama mbwa wetu atakuwa mzuri kama Buck. Swali lao ni jema. Tumjibu Buck kwanza, maana yeye ni mkubwa wa mbwa wote wa vitabu.

Jack London, kijana wa California, alikwenda Klondike mwaka 1897, wakati watu maelfu walipokimbilia dhahabu katika nchi ya barafu, kaskazini ya Kanada. Dhahabu yenyewe hakuipata kitu. Alirudi na ufizi uliooza kwa kukosa mboga na matunda, na kichwa kilichojaa habari. Mwaka 1903 akatoa kitabu chake, ambacho sisi tungekiita Mwito wa Mwitu. Gazeti la Saturday Evening Post lilimlipa dola 750, mchapaji wa kitabu akamlipa dola 2,000 mara moja, basi. Kitabu kikauzwa dunia nzima. (Watungaji wetu wanaolalamika juu ya wachapaji wajue kwamba si wao walioanza.)

Katika kitabu hicho Buck ni mbwa wa jaji tajiri. Mtumishi wa bustani anamwiba na kumwuza. Anafungiwa katika sanduku na kusafirishwa siku mbili, usiku na mchana, bila chakula wala maji. Anapofunguliwa anamkuta mtu mwenye rungu. Mtu yule anampiga hata anaanguka, anainuka, anapigwa tena, mpaka afahamu kwamba mwenye rungu ndiye sheria. Kisha anafungwa kamba pamoja na wenzake ili wavute mizigo ya barua juu ya theluji. Anauzwa tena, na tena. Kati ya wenzake yumo mmoja jina lake Dave, ambaye anaugua njiani. Wanataka kumfungua apumzike, naye hataki. Anazitafuna kamba za mwenzake aliyewekwa mahali pake, arudi yeye katika mstari, maana hajui tena kuishi pasipo mzigo. Kesho yake hawezi kusimama. Msafara unakwenda mbele kidogo, mwendeshaji mmoja anarudi nyuma peke yake, na bastola inalia.

Wasomaji wa Kivu, ni nani kwetu asiyeifahamu habari hii? Babu zetu walibeba mizigo. Walifungwa shingo kwa shingo siku za misafara ya pembe. Walibeba siku za Leopoldi. Vita ya 1914 ilipokuja waliwabebea askari risasi na posho, na mwaka 1916 safari ile ilifika mpaka Tabora, na wengi hawakurudi. Fimbo ya ngozi ya kiboko kwao haikuwa hadithi. Ndiyo maana tunasema bila kujivuna kwamba mzee wa Walungu asiyejua kusoma angemfahamu Buck upesi kuliko mtoto wa New York. London ameandika habari za mbwa, nasi tukisoma tunaona wapagazi. Hata dhahabu tunaijua. Kijana aliyekwenda Kamituga akarudi na kifua kibovu na deni la chakula hahitaji kuelezwa kwamba anayevuta si yule anayepata.

Sasa tazameni sinema inavyomtumia mbwa huyu. Filamu ya mwaka 1935 iliongozwa na William Wellman, akawachukua Clark Gable na Loretta Young, wachezaji wenye sifa kubwa siku zile. Ikawa habari ya mwanamume na mwanamke katika theluji, na Buck akawa kama shahidi wa mapenzi yao. Katika kitabu Thornton, bwana wa mwisho wa Buck na wa kwanza aliyempenda kweli, anauawa. Katika filamu anabaki hai, maana watu waliolipa tikiti kumtazama Clark Gable hawakutaka kumwona amekufa. Picha za milima ni nzuri. Mpagazi hayumo.

Ile ya mwaka 2020, ya mwongozi Chris Sanders, inatenda jambo la ajabu zaidi: mbwa mwenyewe hakuwapo. Mtu mmoja, Terry Notary, alitambaa na kuruka mahali pa mbwa mbele ya kamera, kisha wenye kompyuta wakachora Buck juu yake, manyoya, meno na mkia. Mzee Harrison Ford anacheza Thornton, naye anacheza vizuri. Lakini kumbe alikuwa akipapasa kichwa cha binadamu! Buck huyu anainua nyusi, anaona haya, anaelewa kila neno analoambiwa. Sisi tulichoka naye upesi. Aliyefuga mbwa anajua kwamba utamu wa mbwa ni hapo asipokuelewa, nawe unamtafuta na yeye anakutafuta, mpaka siku moja mnakutana. Buck wa kompyuta amekwisha kufika kabla hujamwita. Rungu linaonekana kidogo, halafu linapita. Kifo cha Dave hakimo, labda kwa kuwahurumia watoto. Watoto wetu, walioona mengi kuliko hayo kabla ya komunyo ya kwanza, wangekivumilia.

Lakini tuseme haki. Jambo moja filamu hii imelisahihisha, nasi tunaisifu. London aliandika kwamba Thornton aliuawa na watu wa kabila la Yeehat, kabila ambalo yeye mwenyewe alilibuni. Buck anawarukia na kuwaua, na mtungaji hawapi watu wale uso wala neno. Wamekuja katika kitabu kuua na kuuawa tu. Filamu ya 2020 imewaondoa, na mahali pao ikamweka Hal, Mzungu mwenye tamaa ya dhahabu. Sisi ambao pia tumechorwa na wageni katika vitabu vyao tukirusha mikuki kutoka vichakani, tunajua mzigo ulioondolewa hapo. Tena vijana walimfurahia sana Omar Sy katika kazi ya Perrault, mpeleka barua. Kila alipotajwa mlangoni walipiga mayowe, kana kwamba ni mtoto wa Kadutu.

Ndugu yake Buck, White Fang wa kitabu cha mwaka 1906, amepigwa filamu nyingi vilevile. Ya Walt Disney ya mwaka 1991 ina mbwa wa kweli, Jed, mwenye damu ya mbwa-mwitu, na macho yake peke yake yanaishinda kompyuta nzima. Ya Waitaliani ya mwaka 1973, iliyoongozwa na Lucio Fulci, itawastaajabisha watu wa parokia: ndani yake mna Sista Evangelina, mzuri wa sura na mkali kwa kazi, na Padri Oatley, mlevi. London hakuandika habari za sista wala za padri. Waitaliani hawawezi kwenda hata Klondike bila kuwachukua. Zaidi ya hayo hatuna la kusema juu ya filamu hiyo, ila kwamba ngumi zake ni nyingi.

Basi turudi ukumbini. Miaka 21 baada ya Gable, Wellman yule yule alipiga filamu nyingine ya mbwa, ndogo, isiyo na theluji wala dhahabu wala mwanamke mzuri. Hadithi ni ya James Street, mtu wa Mississippi. Aliiandika kwanza fupi mwaka 1941, katika Saturday Evening Post ile ile iliyompa London dola zake. Akaifanya kitabu mwaka 1954, na mwaka huo huo akafa, asiione filamu yake.

Mtoto Skeeter ni yatima. Anakaa na mjomba wake Jesse, mzee asiye na meno, katika kibanda cha chumba kimoja ukingoni mwa bwawa kubwa la matope na miti. Usiku wanasikia sauti ngeni kutoka bwawani, si kilio, si kicheko, si mlio wa ndege. Wanaifuata, wanamkuta mbwa mdogo mwekundu, masikio yamesimama, mkia umejikunja mgongoni. Habweki. Anajisafisha kwa ulimi kama paka. Mtoto anampenda pale pale, anamwita Lady, na kuanza kumfundisha kuwinda kwale, ingawa majirani wanacheka kwamba mbwa wa namna hii hafundishiki.

Filamu inakwenda polepole, hatufichi. Haina rangi. Walter Brennan, anayecheza mjomba, anasema mno, na katekista wetu alipumua kila mzee yule aliponyamaza. Hakuna mtu mbaya hata mmoja. Watoto wa mbele walianza kusukumana. Kisha mtoto na mbwa wanaingia majanini peke yao, hakuna anayesema, mbwa anasimama mguu mmoja juu, pua mbele, na mtoto nyuma yake anashika pumzi. Na ukumbi wote ukashika pumzi. Tukasikia jenereta tu. Huyu ni mbwa wa kweli, anachoka, anakosea, anatazama upande usiotakiwa. Kila anapotii tunaona kwamba angaliweza kutotii.

Halafu habari inafika: mbwa anatafutwa. Ametangazwa gazetini. Mwenyewe ni tajiri wa Connecticut, mbali sana kaskazini, na ametoa dola 100 kiangazamacho kwa atakayemwona mbwa wake. Mjomba anajua, naye hamwamrishi mtoto. Anamwachia achague. Hapo katekista alimwomba mpiga filamu asimamishe kidogo, akatugeukia, akauliza: "Kitu kilichookotwa ni cha nani?" Watoto wakajibu kwa sauti moja kama darasani: "Ni cha mwenyewe!" Filamu ikaendelea.

Mtu wa Connecticut anatuma mjumbe na gari na sanduku. Lady hataki kuingia, anarudi miguuni pa mtoto. Kumwokota ni kazi rahisi, kumpenda vilevile. Lakini sasa ni Skeeter mwenyewe anayepaswa kumwamuru, kwa sauti ile ile aliyomfundishia kuwinda, naye Lady anatii kwa sababu amefundishwa vizuri. Hakuna muziki mwingi. Wellman hakumpa mtoto hotuba. Fedha ya kiangazamacho inakwenda katika meno ya bandia ya mjomba. Mtoto anakunywa kahawa dukani pamoja na wanaume. Mama mmoja nyuma yetu alilia, akasingizia moshi wa jenereta.

Hii ndiyo tofauti ya filamu hii na zile za Buck. Zile zinatuambia: mpende mbwa. Hii inauliza: mbwa ni wa nani? Na swali hilo halijibiwi kwa machozi.

Kuna mtu mmoja katika filamu ambaye tusimpite. Jirani yao Gates, mtu mweusi mwenye elimu, alichezwa na Sidney Poitier, kijana bado wakati ule. Kazi yake ni fupi. Anaingia kibandani mwa Wazungu, anasema nao kama mtu na watu, wanamsikiliza, basi. Habari ni ya Mississippi. Mwaka mmoja tu kabla ya filamu kutoka, mwezi wa nane wa 1955, katika Mississippi ile ile mtoto mweusi wa miaka 14, Emmett Till, alitolewa usiku kitandani na kuuawa kwa sababu ya mwanamke wa Kizungu dukani. Filamu haina neno juu ya mambo hayo. Wengine watasema imesema uongo kwa kunyamaza. Sisi tunaona kuna uongo kidogo, lakini pia Poitier anasimama mahali pale kama mtu asiyeomba ruhusa ya kusimama, na hilo lilikuwa neno kwa wakati wake. Wasomaji wa makamo watamkumbuka katika Lilies of the Field ya mwaka 1963, akiwajengea masista kanisa jangwani. Kwa kazi ile alipata mwaka 1964 tuzo kubwa ya Hollywood, mtu mweusi wa kwanza kuipata kati ya wachezaji wakuu wanaume.

Sasa tufike kwa Lady mwenyewe. Aina yake huitwa basenji. Tazameni neno hilo. Watoto walicheka lilipotajwa, na wazee hawakucheka. Basenji ni washenzi. Watu wa pwani, waliokuja Manyema na misafara, walijiita waungwana, na wenyeji wa bara wakawaita washenzi. Lugha yao ikaitwa Kingwana, ndiyo lugha hii tunayowaandikia. Wabeleji nao walilichukua neno. Katika Kongo yao mtu mwenye karatasi na suruali alikuwa évolué, na aliyebaki kijijini alikuwa basenji. Mbwa wa watu hao basi akawa mbwa wa basenji, na Wazungu walipompeleka kwao waliacha neno mbwa, wakabaki na tusi. Hata leo daftari za mbwa wa dunia nzima zinamwandika hivyo, mbwa safi, mpole, wa bei kubwa. Na mtoto maskini wa matopeni, asiyejua neno la Kiafrika hata moja, akamwita Bibi Mwungwana! Bila kujua amefuta tusi la miaka mia. Hatujui kama Street alilifikiri. Tunadhani hakulifikiri, na kwa sababu hiyo linatupendeza zaidi.

Njia ya mbwa hawa haikuwa rahisi. Walipelekwa Uingereza mara ya kwanza mwaka 1895, wakafa kwa ugonjwa. Bibi Helen Nutting alichukua sita kutoka Sudani mwaka 1923, nao wakafa. Bibi Olivia Burn aliwapata Kongo na akafaulu. Mwaka 1937 aliwaonyesha London, na watu wakasongamana kutazama mbwa asiyebweka. Mbwa wa filamu alitoka Uingereza kwa mfugaji mmoja, Bibi Veronica Tudor-Williams, naye alikuwa na umri wa miezi sita tu. Jina lake rasmi lilikuwa My Lady of the Congo. Miaka ikapita, na kwa kuwa wote walitokana na wachache mno, ugonjwa wa figo ukaenea katika damu yao. Ndipo mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani wakaja Zaire, katika nchi ya Wazande, kutafuta damu mpya. Mali ilipopungua nguvu, walikumbuka kisima.

Filamu inaitaja Afrika kwa maneno machache, halafu inaondoka. Kwa hiyo taa zilipowashwa mzee mmoja, aliyezaliwa kwenye ukingo wa msitu, aliinua mkono. Alisema: "Mwalimu, umetuuliza kitu kilichookotwa ni cha nani, tukajibu ni cha mwenyewe. Vema. Na huyo bwana wa Connecticut, yeye alimwokota wapi?"

Katekista alicheka kwanza. Kisha akanyamaza.

Mzee akaendelea. Alimjua mbwa huyu. Baba yake alikuwa naye, mwekundu hivyo hivyo, mkia hivyo hivyo. Kwa kuwa habweki, alifungiwa shingoni kengele ya mti, ili wawindaji wasikie anapokwenda na mnyama akimbilie wavuni. Mtoto katika filamu anasifiwa kwa kumfundisha kunyamaza mbele ya ndege. Lakini kunyamaza huko Lady alizaliwa nako, na kuna watu waliochagua mbwa wa namna hiyo mzazi kwa mzazi, tangu hakuna anayejua lini. Jina lao halikuandikwa gazetini. Hakuna aliyewatolea kiangazamacho.

Kijana mmoja wa chuo alimpinga kwa heshima. "Baba mzee," alisema, "mbwa hununuliwa, na mbwa hutolewa zawadi. Hatuna ushuhuda kwamba yule aliibwa. Na sisi wenyewe mbwa tunawapiga mawe." Watu wakakubali kwa kichwa, maana ni kweli, tunawapiga. Nasi pia hatusemi kwamba mbwa wale waliibwa. Kosa tunaloliona katika filamu ni jingine. Inaijua sana haki ya mwenye karatasi, na inaamini kwamba pasipo karatasi hakuna mwenyewe. Skeeter hana karatasi, anampoteza mbwa. Wawindaji wa Kongo hawana karatasi, hata hawakuulizwa. Mtoto anatenda haki kwa moyo safi, naye ndiye mkubwa kuliko wote katika habari hii. Lakini haki yenyewe inakoma kwenye lango la Connecticut.

Na tusiseme hayo ni ya Marekani tu. Kutoka ukumbini petu, mchana hewa ikiwa safi, tunaona njia ya Kahuzi. Batwa walikaa katika msitu ule na mbwa wao na kengele zao za mti. Mwaka 1970 serikali iliufanya mbuga ya taifa, mwaka 1975 ikaipanua, na Batwa wakatolewa, bila nchi nyingine na bila malipo, kwa sababu hawakuwa na karatasi. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ilitangaza hukumu kwamba haki zao zilivunjwa. Sokwe wakubwa ni mali ya dunia, tunapenda walindwe. Lakini mbwa aliyekuwa fahari ya mwindaji akipita leo chini ya miti ile ni mbwa wa jangili, na mwenye mbwa ni mtu wa kukamatwa. Binamu yake aliyekaa Marekani ana daftari la ukoo.

Mazungumzo yalichukua muda mrefu kuliko filamu, na mafuta ya wanakwaya yalikwisha. Tulimalizia kwa tochi za simu. Kwa maoni yetu filamu hii yafaa kuonyeshwa katika parokia yoyote, mradi awepo mfasiri mzuri asiyeona haya kusimamisha picha, na mradi mlango wa maswali uachwe wazi baadaye. Walio na watoto wadogo mno wangoje kidogo. Ni ndefu kwao.

Mwishoni msichana wa miaka tisa ama kumi alitaka kujua neno moja tu: mbwa yule wa filamu, yule wa kweli, alikwenda Connecticut? Tukamwambia hapana. Brandon deWilde, kijana aliyecheza Skeeter, alikuwa na mapatano katika mkataba wake: filamu ikiisha, mbwa ni wake. Akampeleka nyumbani. Watoto walipiga makofi na kuruka juu ya mabao. Yule mzee naye alipiga makofi mawili matatu, kisha akachukua fimbo yake na kumwuliza katekista kama mkataba huo pia uliandikwa kwenye karatasi.